Kamba ya Kitenge ku Kidole ya Anaclet

Mimi Domitille wa mutaa ya Saio sipendi mutu aniharibie habari, kwa hiyo nitaieleza mimi mwenyewe. Ku Bunia wanasema kama bwana yangu Anaclet alinyanganywa volan, usukani ya kamio, juu ya uvivu. Uongo mutupu! Mimi njo nilimunyanganyisha ile volan, na kama iko lazima, nafanya tena.

Anaclet ni shofere wa kamio, yale malori makubwa, tangu ujana. Mwaka ule, deux mille cinq, elfu mbili na tano, vita ilikuwa haiyaisha, na makamio ya chakula ya wakimbizi yalikuwa yanaenda kwa mustari, askari mbele, askari nyuma. Siku moja wakasimama ku bariere ya askari, pale Bogoro. Kamio za mbele zikaondoka. Ya Anaclet ikabaki pale, moteri inawaka. Wa nyuma wakapiga honi, wapi! Askari mumoja akapanda na bunduki, akafungua mulango ya kabine, akakuta bwana yangu amelaza tumbo ku volan, anakoroma. Askari akacheka mupaka akakaa chini. Lakini chef wa makamio hakucheka. Mustari yote ingekwama, na Bogoro ya ile wakati haikuwa mahali pa kukwama. Akasema: "Anaclet, utaenda kwa docteur. Bila karatasi yake hugusi tena volan."

Docteur alikuwa mwanamuke mufupi, mutu wa Kisangani, jina yake Priscille. Balance yake, mizani ya kupima watu, ilikuwa inaishia kilo cent vingt, mia moja na makumi mbili. Anaclet akapanda, mushale ukaenda mupaka mwisho, ukakataa kurudi. Basi wakamupeleka ku depot, ile stoo ya chakula, wakamupima ku balance ya magunia ya maharagi, mbele ya wabeba-mizigo. Cent trente-quatre, kilo mia moja makumi tatu na ine! Wabeba-mizigo wakapiga makofi, na yule mupumbavu wangu akainua mikono kama mutu amechaguliwa député ya bunge.

"Mama Domitille," docteur akaniambia, "akilala, nyama ya shingo inafunga koo, pumzi inakatika. Usiku hapumziki, njo maana muchana analala ku volan. Siku moja ataanguka na kamio ku bonde. Ao pumzi itakatika isirudi tena."

"Docteur, ile nyama nilimutilia mimi!"

Ile miaka watu wote walikonda. Nani alitoka ku vita na tumbo? Bwana yangu! Joséphine, jirani yangu, alikuwa anapita na kusema: "Domitille, weye unajua kutunza bwana." Bugali mara mbili, sombe ya majani ya mihogo na mafuta mekundu ya ngazi, samaki ya ziwa toka Kasenyi. Sasa wananiambia nilikuwa namuua na sahani? Nilikasirika, nikamujibu docteur maneno yenye siwezi kurudilia hapa.

Akanisikiliza mupaka nikachoka. Alafu akasema Anaclet atalala usiku moja ku clinique, na kapini kenye kushika kidole, kenye uzi wa kwenda ku kimashine. Kila mara pumzi inakatika, kimashine kinaandika. Sasa kwetu mugonjwa halali ku clinique peke yake, ni haya. Lazima garde-malade, mutu wa kwake wa kumupikia na kumugeuza. Nikabeba mukeka, sufuria, na kamba yangu.

Hii kamba, ngoja niieleze. Deux mille trois, miaka mbili mbele ya ile bariere, wakati tulikimbia mji, tulilala ndani ya shamba ya mihogo na familia kama kumi. Anaclet akaanza kukoroma. Mama mumoja akanishika mukono: "Nyamazisha bwana yako ao muende mbali, atatuitia watu wa bunduki." Nikapasua kitenge yangu. Upande moja nikafunga ku kidole kubwa ya muguu yake, upande ingine ku mukono yangu. Akikoroma, navuta, anageuka. Tulitoka pale wote wazima. Lakini njo pale nilijua kama kukoroma haiko kitu. Yenye kutisha ni kimya yenye kufuata. Unahesabu mupaka makumi mbili, hakuna pumzi. Ukivuta, anashituka kama mutu ametolewa ndani ya maji. Tangu pale sikulala tena usiku muzima. Akiwa ku nyumba, navuta. Akiwa ku barabara, natazama dari.

Basi ku clinique nilifunga kamba kama kila siku. Sikuwa na akili ya kudanganya mutu, mukono ilifanya yenyewe. Asubuhi docteur akageuza karatasi ya kimashine huku na huku, akakuna kichwa. "Pumzi inataka kukatika, alafu inarudi haraka. Sikutegemea hivi. Lakini haiko mbaya ya kumukataza kazi." Akaandika karatasi ya kazi, akapiga tampon, ule muhuri wake.

Anaclet akacheza ndani ya clinique, vitanda vikatetemeka. Ku mulango ya inje akasema: "Lundi, kazi ikianza, napanda Mahagi, siku ine ku barabara!"

"Utalala wapi?"

"Ku kabine, weye! Tangu lini nalala hoteli?"

"Na nani?"

"Ah, Domitille! Wivu asubuhi yote hii?"

Haikuwa wivu. Nilikuwa natazama mukono yangu. Kamba ilikuwa ingali pale, na chini yake ngozi ilikwaruzika juu ya kuvuta usiku muzima. Ku kabine, nani atavuta?

Nikamunyanganya karatasi, nikarudi mbio. Yeye nyuma yangu, kilo zote cent trente-quatre, "Domitille! Domitille!", mupaka pumzi ikamuisha ku veranda. Nikaweka kamba juu ya meza ya docteur. Nikasema: "Usiku, hii njo ilipumua. Haiko yeye."

Docteur akatazama kamba. Akatazama kidole ya muguu ya Anaclet, yenye alama ya kamba. Akapasua karatasi.

Siku mbili Anaclet alikula na kunigeuzia mugongo. Siku ya tatu akasema: "Umeniua." Nikamujibu: "Hapana, nimekataa kuwa mujane, ni hiyo tu." Wakarudilia kipimo. Mimi wakanifungia inje ku veranda, bila kamba, nikauma kilemba yangu mupaka kukakucha. Kimashine kiliandika pumzi kukatika mara trois cent douze, mia tatu kumi na mbili. Anaclet akasoma mwenyewe, akakaa.

"Trois cent douze, usiku moja," akasema. "Na weye miaka mbili ulikuwa unavuta?"

Akashika mukono yangu, akapitisha kidole pale ngozi ilikwaruzika. Nililia, sioni haya kusema.

Kutoka pale, kazi! Bugali nusu, mboga ya lengalenga bila mafuta mingi. Chef akamuweka ku depot aangalie mapira, magurudumu ya makamio, na alikuwa anaenda na kurudi kwa miguu. Docteur akanifundisha kushonea kampira ka kuchezea watoto ku mugongo ya shimizi yake ya kulala, asilale chali. Wabeba-mizigo wakamupima kila lundi na kushangilia kila kilo yenye kupotea. Joséphine akaja kunong'ona: "Ndugu yangu, bwana amepunguka, ni ugonjwa gani?" Nikamujibu: "Ugonjwa inaitwa Domitille." Akaenda zake.

Ilichukua miezi kumi. Samdi moja, balance ya maharagi ikasema nonante-huit, makumi kenda na munane, kimashine kikasema mara tisa tu, na docteur akapiga tampon ya kweli, ya kurudi ku volan. Dimanshi, kesho yake, kisha misa, Anaclet akalala muchana ku mukeka. Mimi nilikuwa nachunga unga, sombe iko ku moto. Gafula nikasikia kimya. Mama yangu! Nikakimbia na unga ku mikono, nikamukamata kidole ya muguu, nikavuta kwa nguvu yote.

Akafungua jicho moja. "Domitille, niko napumua. Lala na weye."

Nikajilaza pale pembeni yake, kwanza kidogo tu, ya kusikiliza. Pumzi ilikuwa inaingia, inatoka. Sombe iliungua, Joséphine akaja kuipua chungu na kuniita jina mara tatu. Wanasema mimi njo nilikuwa nakoroma.