Maharagi na Maji ya Robine

Maji ya robine, yaani ya bomba, katika kile kilima cha Bukavu alikokaa Apolline yalikuwa maangavu, mazuri kutazama, na makaidi ajabu. Yalikula sabuni bila kutoa povu. Yaliivika birika gamba jeupe ndani, na mashati ya mumewe, Thierry, yalikakamaa kwenye kamba. Na maharagi, ndiyo usiseme! Makala, yale makaa ya kupikia, yangekwisha, mchana ungekwisha, na punje bado zinagongana ndani ya sufuria. Apolline alizaliwa kilimani hapo hapo, akalijua jambo hilo kabla ya kujua kusoma. Maji ya robine ni ya kunywa na kunawa. Maharagi hupikwa kwa maji ya mvua, basi.

Shida ni kwamba mama mkwe wake hakuzaliwa hapo. Maman Marie-Louise alikuwa mtu wa Nyangezi, na chemchemi ya kwao haina ukaidi wowote. Alipokuja mara ya kwanza kumtembelea mkwewe ilikuwa kiangazi, pipa la mvua limekauka. Alitafuna maharagi magumu kwa heshima, akarudi kwao, akautangazia ukoo mzima kwamba Thierry ameoa mvivu anayeona taabu kupepea moto. Maneno hayo yalimfikia Apolline, yakamchoma. Mvivu! Yeye anayeamka kabla ya kengele ya misa! Alijua kwamba uvumi ukizoeleka katika ukoo huwa jina la mtu, na jina hilo hakuwa tayari kulibeba.

Mvua ziliporudi, Tonton Gracien, mkubwa wa ukoo, alituma habari kwamba Jumapili atakuja na watu sita kula kwa Thierry. Maman Marie-Louise akatangulia asubuhi na mfuko wa maharagi mapya.

"Leo utaangalia tu," akamwambia Apolline. "Nitapika miye. Watu ya famiye yetu hawatakufa na njaa juu yako."

Akafungua robine.

"Maman, hapana hiyo maji," Apolline akasema. "Maharagi tunapikaka na maji ya mvula. Pipa inajaa pale inje."

"Ee! Sasa maji njo iko muvivu?" Mama mkwe akacheka. "Mchagua jembe si mkulima, mutoto wangu."

Apolline hakubishana, wala hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alichota vikombe sita vya maharagi kutoka mfuko ule ule, akajaza sufuria yake maji ya pipa, akaenda kuibandika kwenye mbabula, lile jiko la makaa, la jirani yake, Consolate, ambaye makala yake yalikuwa yamekwisha kushika moto. Tusimvike kilemba cha ukoka: hakufanya hivyo kwa wema. Alitaka kuiweka sufuria hiyo mezani kando ya ile nyingine, ukoo uonje na uamue.

Kufika saa sita, maharagi yake yalikuwa yamepasuka, laini, mchuzi mzito. Alirudi jikoni akitembea kwa maringo. Akamkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya moto. Yule mama alitoa punje moja, akaiuma, akaitema kiganjani, akaitazama. Miaka arobaini alikuwa amewalisha watu kwenye arusi na matanga, na leo mkono wake umemkana. Nje, Tonton Gracien alikuwa akipiga hodi. Macho ya Maman Marie-Louise yalijaa machozi, naye akageukia ukuta.

Apolline alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi, kwa sababu ilimharibia ushindi wake. Lakini angefanyaje? Alikimbia kwa Consolate, akaleta sufuria yake, akapakua kwenye sahani za wageni. Mama mkwe alijifuta macho, akaenda kuwafungulia mlango.

Wageni walikula mpaka wakaomba tena.

"Marie-Louise, hii njo maharagi!" akasema Tonton Gracien. "Umufundishe huyu bibi ya Thierry. Ule uvivu wake utaua mutoto wetu na njaa."

Watu wakaangua kicheko. Apolline aliinamisha kichwa. Jina lile lilikuwa limemganda sasa, na yeye mwenyewe ndiye aliyesaidia kulibandika. Roho ilimuuma.

Maman Marie-Louise aliweka kijiko chini.

"Gracien, nyamaza."

Akaingia jikoni, akarudi na sufuria yake, akamimina upawa mmoja kwenye sahani ya Gracien. Punje zikalia: ko, ko, ko.

"Hii njo yangu. Ile munakula ni ya Apolline. Maharagi ni moja, mufuko ni moja, nilikataa tu kumusikia juu ya maji. Nilichafua jina ya mutoto ya watu mu Nyangezi yote. Mukirudi, mutapita nyumba kwa nyumba kwa wale wote niliambia. Mutasema Marie-Louise alidanganya."

Apolline alikuwa akilia waziwazi, mbele ya wageni, bila kuona haya. Tonton Gracien aliuma punje moja, akashika shavu.

"Tutasema," akajibu.