Skrini Nyeusi Siku ya Mechi

Annet alifika kwa wazazi wake Kuluba mapema mchana akiwa na dikoda kwenye begi lake. Saa tisa na nusu ilipogonga, skrini ya televisheni ya baba yake ilikuwa bado nyeusi, na mechi ilikuwa ianze saa kumi.

Mechi hiyo haikuwa ya kawaida kwa nyumba ile. Refa wa katikati alikuwa Sandra, mdogo wake Annet, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuchezesha mechi kubwa inayoonyeshwa moja kwa moja kutoka Kampala. Mama yao, Agnes Keji, alikuwa ameshaoga na kuvaa gauni lake la kanisani. Alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa, mikono mapajani, akitazama weusi.

"Annet, picha iko wapi?"

"Inakuja, mama. Ngoja kidogo."

Alikuwa akisema hivyo kwa muda mrefu.

Dikoda yenyewe ilikuwa nzima. Jana tu alikuwa ameitumia nyumbani kwake Ediofe, mjini Arua, na hata sasa taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Dishi juu ya bati lilifungwa na fundi wiki iliyopita. Shida ilikuwa hapo katikati, kwenye ile njia fupi ya kutoka dikoda hadi televisheni. Alichomoa waya wa HDMI, akaupuliza vumbi, akauchomeka tena mpaka ukabana. Akachukua rimoti ya televisheni, akachagua HDMI 1. Kimya. Akauhamishia waya kwenye tundu la pili, akachagua HDMI 2. Skrini ikapepesa mara moja, mwanga ukapita, kisha weusi ukarudi.

"Nimeona kitu!" alisema Rehemah, jirani yao, aliyekuwa ameingia na kigoda chake mwenyewe.

"Hata mimi nimeona," alisema Annet. "Halafu imeenda."

Akazima kila kitu, akachomoa vyote viwili kwenye umeme wa sola, akasubiri huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Akawasha televisheni kwanza, kisha dikoda. Skrini ikapepesa vilevile na kuzimika vilevile. Waya mwingine wa HDMI aliokuja nao ukafanya hivyohivyo.

Kutoka nje ilisikika sauti ya chuma juu ya jiwe. Baba yao, Tombe, sajenti mstaafu, alikuwa amekaa karibu na jiko akinoa panga, ingawa hapakuwa na kazi ya panga siku ile. Binti zake wote wawili walizaliwa kwenye kambi za jeshi, ambako watu waliongea Kiswahili, na ndiyo maana mpaka leo Kiswahili ndicho kilichotawala nyumbani mwake. Alikuwa amejivunia sana Sandra alipomaliza uuguzi na kupata kazi kwenye kituo cha afya. Kisha Sandra akaiacha kazi hiyo akashika filimbi. Tombe alimwambia kwamba hakuzaa mtoto wa kukimbizana na wanaume uwanjani, na tangu siku hiyo hakulitaja jina lake. Televisheni aliruhusu iwashwe, kwa sababu ya mama. Yeye mwenyewe alisema ana kazi.

Annet alimpigia simu mume wake, Afedra, aliyekuwa amebaki Ediofe.

"Inapepesa halafu inakufa," alimwambia.

"Jana ilikuwa kwenye televisheni gani?"

"Yetu, ipi tena?"

"Basi ndiyo hiyo. Yetu ni mpya. Dikoda ilijipanga kutoa picha kubwa, ya kuitosha ile. Ya mzee ni ya zamani, haiwezi kuipokea. Ingia kwenye mipangilio, shusha kipimo cha picha."

"Nitaingiaje, Afedra, na sioni kitu?"

Annet alisikia watoto wao wakicheka nyuma ya Afedra.

"Unahitaji njia nyingine ya kuona kwanza," alisema. "Ule waya wa zamani wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Uko nao?"

Hakuwa nao. Madukani Koboko mjini ungepatikana, lakini kwenda na kurudi kwa boda kungemaliza kipindi kizima cha kwanza. Alitazama saa. Mama hakuuliza tena picha iko wapi, na hilo lilimuuma Annet kuliko maswali. Akavaa viatu, akatoka.

Panga likasimama juu ya jiwe. "Unaenda wapi?" aliuliza Tombe.

"Koboko, baba. Natafuta waya. Ule wa rangi tatu."

Tombe aliinuka polepole, akapita karibu naye, akaingia chumbani kwake. Annet alisikia sanduku likiburutwa chini ya kitanda. Mzee akatoka na mfuko wa plastiki, na ndani yake ulikuwepo waya wa ile mashine yake ya DVD iliyokufa zamani, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya kiatu.

"Iko hii?"

"Iko hii, baba. Asante."

"Mimi sitaki kuona mpira," alisema Tombe, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Chukua."

Annet alirudi ndani mbio. Njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, nyekundu kwa nyekundu, kisha rimoti. Picha ikaja. Rehemah akapiga makofi. Mechi ilikuwa imeshaanza, lakini ilionekana kama inachezwa nyuma ya pazia. Wachezaji walikuwa madoa ya rangi, na mpira ulipotea kila ulipopigwa.

"Sandra iko wapi?" aliuliza mama.

"Yule wa njano, mama. Anayekimbia pale katikati."

Agnes Keji aliinama mbele mpaka akakaribia kuanguka kwenye kiti. "Sura hakuna," alisema.

Annet alinyoosha mkono kuchukua rimoti ya dikoda. Sasa angeweza kuona mipangilio, kushusha kipimo na kurudi kwenye HDMI.

"Usiguse."

Tombe alikuwa amesimama mlangoni, panga bado mkononi.

"Baba, haionekani vizuri."

"Inaonekana. Ukigusa itapotea, na tutakaa hapa kama vipofu. Ngoja wapumzike kwanza."

Annet akangoja, rimoti mkononi. Doa la njano lilikimbia, likasimama, likanyoosha mkono. Mara moja madoa mengine yalilizunguka, na Tombe akaingia hatua moja ndani. Yalipotawanyika, akaegemea ukuta. Kwenye kiti hakukaa.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Annet aliingia kwenye mipangilio. Maandishi yalikuwa na ukungu, akayasoma pua ikigusa kioo. Alikuta 1080, akashusha hadi 720, akathibitisha. Kisha akachomeka HDMI na kubadilisha chaguo kwenye televisheni.

Skrini ikawa nyeusi.

"Nilisema," alisema Tombe.

Annet akatazama nyuma ya televisheni na kufuata waya kwa kidole: tundu la kwanza. Na yeye alikuwa amechagua HDMI 2. Akabonyeza tena.

Picha ilikuja yote kwa pamoja, majani ya uwanja, matangazo ya pembeni, timu zikirudi. Katikati yao alikuwa Sandra, mpira kwapani, nywele zimesukwa zikabana kichwani, jasho shingoni.

Mama aliinuka. "Amekonda," alisema.

Karibu na mwisho, timu zikiwa sare, mpira ulipigwa kuelekea golini na beki akaruka. Sandra akapuliza filimbi na kuonyesha mahali pa penalti. Ni timu ya nyumbani iliyoadhibiwa. Wachezaji walimvamia, mmoja akimpigia kelele karibu na uso, na chupa ikaanguka pembeni mwa mstari. Mtangazaji alisema refa huyu amekosea. Sandra alisimama palepale, mkono umenyooka, hakurudi nyuma.

Wakarudia picha. Tombe alisogea hadi karibu na skrini, akajikunja. Mpira uligusa kiganja cha beki, wazi kabisa.

"Mkono," alisema. "Imegusa mkono. Huyu mutu wa redio hana macho?"

"Ni televisheni, baba."

"Hana macho."

Penalti ikaingia. Filimbi ya mwisho ikapigwa huku uwanja mzima ukizomea, na picha ikakatwa kwenda kwenye matangazo ya sabuni kabla hawajaona Sandra akitoka.

Annet akapiga simu. Haikupatikana. Rehemah aliaga na kigoda chake. Jua liliteremka, mama akaenda jikoni lakini hakuwasha moto. Tombe alitembea uani, kutoka jikoni hadi kwenye ua wa miti na kurudi, na kila akipita mlangoni aliuliza, "Bado?"

"Bado, baba."

Simu ililia giza likianza kuingia. Annet alipokea, akasikia sauti ya Sandra imechoka, na kabla hajasema lolote mkono wa baba yake ulikuwa umenyooshwa mbele yake. Akampa.

Tombe alikohoa. "Umetoka pale?"

Sandra aliongea kitu.

"Na nani? Askari wangapi?" Akasikiliza. "Mlango mumefunga? Angalia tena. Ndiyo, sasa hivi, mimi niko hapa."

Akasubiri, simu imebanwa sikioni, akitazama chini. Kutoka jikoni mama alikuja haraka akijifuta mikono.

"Sawa," alisema Tombe hatimaye. "Nimeona ile mkono. Ulipiga filimbi sawasawa." Halafu akasikiliza kwa muda mrefu, na Annet akamwona akigeuka kutazama ukuta. "Usilie," alisema. "Kula kwanza. Mama yako iko hapa, ongea na yeye."

Alimpa mkewe simu akatoka tena uani. Annet alimsikia akitembea gizani, kutoka jikoni hadi kwenye ua wa miti na kurudi, mpaka chakula kilipoiva.