Kimsuli Kisichofundishika Uongo

Miezi mitatu mizima Mama mwenye nyumba alijifanya kiziwi, na hajapata kuishi raha kama hiyo. Mafua yalimziba masikio kweli, wiki moja, yalipozibuka akauchuna. Maana watu wa nyumbani, kwa kudhani hasikii, walikuwa wanamwaga umbea mbele yake kama maji ya kudekia. Mpaka mke wa mwanawe akamkokota kwa mtaalamu wa masikio.

Mama hakuwa na wasiwasi. Alishajipanga: vidude vya kupimia vikilia, yeye macho darini kama hasikii. Kumbe mtaalamu hakumwuliza kitu. Alimchomeka kizibo cha mpira sikioni, mashine ikasukuma hewa, ikavuta, ikapiga mlio mkali, kisha ikachora kilima kwenye kioo chake.

Mtaalamu akamwomba mkwe asubiri nje. Akaeleza, kwa sauti ya chini kabisa, kuwa nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba cha hewa. Wapangaji wake ni vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, wameshikana kama watu wa foleni. Kuna mlango wa uani unaoshuka hadi nyuma ya pua, na kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio kuna vijistoo vya hewa chungu nzima. Mafua yakiufunga mlango ule, chumba hujaa majimaji. Cha Mama kilikuwa kikavu.

"Na mlio ulipolia, kuna kimsuli kimekivuta kikuku, maana sikio limesikia. Hicho hakifundishiki uongo, mama."

"Nyumba ndogo hivyo, na ina watu kuliko yangu," Mama akasema, kisha akaziba mdomo. Alikuwa amejibu.

Akambembeleza asimharibie baraza. Wakijua anasikia, nani atasema kitu mbele yake tena? Mtaalamu akasema majibu ni ya mgonjwa, ila yeye hatadanganya mtu. Basi Mama akatoka akatangaza mwenyewe: sikio la kulia limezibuka, la kushoto bado.

Barabarani mkwe akahamia kushoto kwa Mama, simu sikioni, akimnong'oneza dada yake kwamba yeye mwenyewe ana mimba, na kipimo kimeonyesha mapacha.

Mama akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Wawili?"

Mkwe akateremsha simu. Ilikuwa imezimwa.

"Mmoja, mama. Huyo ni wa kweli. Wa pili nilimweka kwa ajili ya sikio la kushoto."