Shikamoo ya Odilia

Nilipomwandikisha mjukuu wangu Odilia shuleni Mabwerebwere, sikusema kwamba hasikii. Niliogopa watamkataa.

Wiki ya pili mwalimu Hezekia akaniita.

“Shikamoo, bibi. Huyu mjukuu wako ana kiburi. Kila asubuhi nampita kwa nyuma hapo mlangoni, hasalimii!”

“Marahaba. Si kiburi, baba. Ni kiziwi. Mungu anisamehe, nilificha.”

Akashika kichwa. “Kumbe! Mbona hukusema, bibi? Tunaye mwalimu wa lugha ya alama hapa hapa. Kesho anaanza naye.”

Nikapumua, nikafanya ishara ya msalaba.

Hezekia akamwendea Odilia aliyekuwa uani, safari hii kwa mbele, akampungia mkono. Mtoto akakunja magoti kama nilivyomfundisha nyumbani.

“Marahaba!” mwalimu akapaza sauti, kisha akajishtukia, tukacheka wote wawili.