Utaya Juu ya Mbao

Mwaka wa 1957 kinanda cha umeme kilishushwa kwenye kamiyo, lori la mizigo, mbele ya kanisa la misioni, karibu na Kasongo, na Régina ndiye aliyekipangusa vumbi. Nani mwingine? Tangu usichana wake yeye ndiye aliyepigia kwaya. Alianza na harmonium, ile ya kukanyagwa kwa miguu ili ipate pumzi. Kisha ikaja piano, yenye nyundo za kugonga nyuzi, na masere mmoja, mtawa wa misioni, akamfundisha kuzikaza kila mvua zilipozilegeza. Masere huyo alimwambia kwamba mababu wa piano hawakuwa na nyundo. Nyuzi zao zilidonolewa kwa unyoya wa kunguru. Régina alicheka mpaka machozi.

Baadaye homa na dawa yake ya kinini vililiua sikio lake la kushoto, na la kulia likabaki nusu. Siri hiyo alimpa mumewe tu, Antoine, karani wa misioni, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha noti. Alipokaza nyuzi, Régina aliegemeza utaya kwenye mbao za piano, sauti ikampanda mifupani. Hakuna aliyegundua.

Kinanda kipya kilipokwisha kuwekwa, Padri Gérard, mkuu wa misioni, akamwita.

"Régina, kinanda kipya atapiga Antoine."

"Juu ya sababu gani, Mupe?"

"Masikio yako iko na shida. Bwana yako amenieleza."

Alitoka bila kuaga. Alimkuta Antoine uani, akipiga pasi shati la Jumapili.

"Umeniuza."

"Nilisema uongo?"

"Hapana. Ungesema uongo, ningekusamehe. Ile neno nilikupa weye peke yako."

"Wangeleta mutu wa Kindu, Régina. Afazali ibaki kwetu."

"Na mimi ulishindwa kuniambia kwanza?"

Antoine aligeuza kola, akaendelea kupiga pasi.

Jumapili Antoine alianza misa kwa wimbo ambao Régina aliutunga kwa ajili ya Pasaka, hata pale pa kuvuta pumzi hakupasahau. Watu walipokwisha kutoka, Régina akasogea, akaweka utaya wake juu ya kinanda.

"Piga," alisema.

Antoine akapiga. Mbao zilikuwa kimya. Sauti ilitokea kule ukutani, ndani ya sanduku la spika; Régina aliambulia mngurumo tu, kama nyuki ndani ya debe. Akasimama, akafunga kitambaa chake kichwani.

Jumanne alipanda kamiyo ya Kabambare, akaenda kwa dada yake Feza, akashika jembe.

Antoine alituma salamu mara mbili. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, wakati wa kung'oa karanga. Régina alimpa kiti, maji, na ugali wa muhogo. Akamsikiliza mpaka mwisho: kwamba kwaya imepotea njia, kwamba Padri anamwulizia, kwamba nyumba imekuwa baridi.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi uende mbele mvua haijanyesha."

Akamsindikiza hadi barabarani, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa, kisha akarudi shambani. Feza alikuwa amebakiza mistari minne ya karanga.