Nyuma ya Ukuta wa Madhabahu

Jiwe halikutoa kishindo lilipoteleza. Lilitoa mkwaruzo mrefu, kama mtumbwi mzito unaoburutwa juu ya kokoto, halafu kimya. Nilidondosha karai la mchanga. Wanawake waliokuwa nyuma ya ukuta wa madhabahu walitoka mbio, tope limewajaa hadi magotini. Suzana, mke wangu, ambaye tulikuwa tumemkalisha kivulini kwa sababu ya ujauzito, alisimama akamtazama usoni kila aliyepita.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

Waligeuka wakautazama ukuta.

Kanisa la kigango chetu tulilijenga kwa mikono yetu, kule Ilemela, kwenye kilima cha kando ya ziwa ambacho mawe yamekaa juu ya mawe na nyumba zimejibanza katikati yake. Hatukuwa na kiwanja kingine. Jumuiya zilipokezana kila Jumamosi: wanaume tukichanganya zege, wanawake wakipandisha maji na mchanga kutoka barabarani, kwa kuwa gari halifiki juu. Mvua ya jana yake ilikuwa imeshusha tope, likajaa kwenye upenyo kati ya ukuta mpya na mwamba, na mama mkwe wangu ndiye aliyetangulia kuingia na beleshi. Ndivyo alivyokuwa. Kazi ngumu aliiendea kabla haijagawiwa.

Sasa jiwe la juu lilikuwa limeshuka na kuuegemea ukuta, na yeye alikuwa huko ndani.

Masele, fundi wetu, aliweka sikio kwenye matofali. "Yu hai. Anasali," alisema. Kisha akainua macho kutazama ufa uliokuwa ukipanda taratibu, tofali hadi tofali. "Ukuta huu hautalibeba jiwe muda mrefu. Tutoboe hapa chini, tundu dogo tu. Tukilitanua, ukuta wote unatuangukia."

Tulitoboa. Wengine walikita mirunda kuushikilia ukuta. Kila nyundo ilipogonga, vumbi lilimwagika kutoka juu, nasi tulisimama tukisikiliza. Katekista Revocatus alianza rozari.

Tundu lilipopatikana, Masele alijaribu kuingia, mabega yakagoma. Akageuka, akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mwembamba kuliko wote. Lakini alisita, na nilijua kwa nini. Kila Msukuma aliyekuwa pale alijua.

Kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Tangu nilipomwoa Suzana sikuwahi kumpa mama yake mkono, wala kula naye, wala kumtazama usoni. Tukikutana njiani, mmoja alisogea pembeni. Nilimwamkia nikitazama chini, akaitikia akitazama ziwa. Haikuwa chuki. Ilikuwa ndiyo heshima yetu, na sote wawili tuliitunza kwa fahari.

"Aingie mwanamke," mtu mmoja alisema.

"Naingia mimi," alisema Suzana, akaanza kupiga magoti, mkono mmoja umeshika tumbo.

Nilimwondoa pale, nikatanguliza kichwa.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya udongo mbichi. Nilisikia pumzi yake kabla sijamwona.

"Nani?"

"Josephat, mama."

 Mchanga ulinimwagikia shingoni.

"Rudi, baba. Mwite mwingine."

"Hakuna mwingine anayepenya."

"Basi niache na Mungu wangu."

Jiwe lililia. Nililisikia mgongoni mwangu, mtetemo mdogo, kama wa mnyama anayejigeuza usingizini. Nilipapasa. Mguu wake mmoja ulikuwa umebanwa, gambuti na yote, na kitenge alichojifunga kilikuwa kimeingia chini ya jiwe kikamshikilia kiunoni. Fundo lilikuwa limekazwa, halifunguki. Kumtoa kulitaka kitenge kikatwe na mguu uchomolewe. Naye alilijua hilo kabla yangu. Ndiyo maana alikuwa akinifukuza.

Kwa nje nilisikia Masele akimsihi Suzana asogee, na Suzana akikataa.

"Mama," nilisema, "unamsikia mwanao? Amesimama chini ya ukuta huuhuu. Hatoki mpaka utoke."

Alisikiliza. 

"Una kisu?" aliuliza.

Nilikata. Nikaushika mguu kwa mikono yote miwili na kuvuta, na alipiga yowe moja tu, fupi. Kisha akanizungushia mikono shingoni, akauficha uso wake begani kwangu, nami nikarudi kinyumenyume naye kifuani. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa mwepesi namna ile.

Wanawake walimpokea kwa vitenge vyao. Masele akapaza sauti tukimbie, tukakimbia. Tulikuwa tumefika kwenye lundo la kokoto ukuta ulipokaa chini, na jiwe likaingia kanisani, likatulia pale ambapo altare ingesimama.

Mama mkwe alipoteza vidole vya mguu. Wazee wa pande zote mbili walikaa kuzungumzia jambo la mimi kumgusa. Baba yangu mdogo alisema haliwezi kupita hivihivi, lazima litakaswe. Mama mkwe alituma neno kutoka kitandani hospitalini. "Waambieni aliyeingia mle alikuwa mtoto anamfuata mama. Kama kuna kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwuliza kisu."

Wazee wakanywa uji wao, wakaondoka.

Kanisa tuliligeuza, likaelekea ziwani. Siku ya kulibariki, padre alituambia tutakiane amani, na watu wakaanza kushikana mikono benchi hadi benchi. Mama mkwe alikuwa mbele yangu, ameegemea fimbo. Aligeuka. Suzana akampa mkono, akamsogezea na mtoto wetu mchanga amshike shavu. Kisha ikawa zamu yangu, na mikono yangu haikujua pa kwenda.

Aliniangalia usoni. Macho yake yalikuwa ya kahawia, sawasawa na ya Suzana, sikuwahi kujua. Halafu akaunganisha viganja vyake, akainama kama ilivyo desturi ya wasiopeana mikono, nami nikainama, chini kabisa, mpaka nikasikia kwaya imeanza.