Shamba Lisilofagiwa

Machi 1953, asubuhi ya tatu ya mvua za masika, vichungu vidogo vya udongo mweusi vilikuwa vimetapakaa chini ya mikorosho ya Mwamini binti Pazi, kijijini Marui. Vilikuwa vimejisokota kama tambi, na vingi bado vilikuwa vibichi. Mwamini aliviona, akashika ufagio.

Mumewe alikuwa ameugua mwaka mzima kabla ya kufariki. Mwaka ule Mwamini hakutoka kitandani pa mgonjwa, na baada ya mazishi alikaa eda ndani ya nyumba. Kwa hiyo kwa muda wote huo hakuna aliyefagia shamba. Huko Marui, shamba la mikorosho hufagiwa kama ua: majani hukusanywa yakachomwa, korosho zikidondoka zionekane. Mwanamke aliyeacha majani chini ya mikorosho yake husemwa kama aliyelaza vyombo vichafu.

Masengenyo angeyavumilia. Lililomtoa nyumbani alfajiri ni jingine. Urithi ulikwisha kugawanywa, minazi ikaenda kwa Kitwana, mdogo wa marehemu mwenye shamba lake mpakani, na shamba hili likabaki kwa Mwamini. Lakini kwa desturi ya kijiji, shamba likitelekezwa, jumbe huweza kumpa mtu mwingine. Kitwana alikuwa amekwenda kwa Jumbe Mwinyijuma kuliomba, na asubuhi hiyo Jumbe alikuwa anakuja kulitazama. Mwamini hakuwa na shamba jingine.

"Shoga, utalimaliza lote kabla hajafika?" jirani yake Tatu aliuliza, jembe begani. "Hata ungekuwa na mikono ya pweza."

"Nitafagia kando ya njia. Jumbe mwenyewe mzito, hatafika kati."

"Haya, lakini pua yake nyepesi. Hayo majani yananuka uozo."

Mwamini alifagia. Majani ya juu yalikuwa bado mazima, ya chini yamelowa na kushikamana. Alipoyafunua, nyungunyungu mnene alijivuta akazama shimoni, na Mwamini akaruka nyuma. Kisha akaona jambo asilopata kuliona: majani kadhaa yalisimama wima, vikonyo vyake vimezama ardhini kana kwamba mtu ameyachomeka kwa makusudi. Aling'oa moja. Sehemu iliyokuwa chini ilikuwa imeliwa, imebaki mishipa mitupu.

Akaazima jembe la Tatu, akapiga mara moja. Enzi za mumewe, udongo wa pale ulikuwa ukilia chini ya jembe kama debe. Safari hii jembe lilizama mpaka kwenye mpini. Udongo alioufukua ulikuwa mweusi, umevunjika punjepunje, na ulitobolewa na vijia vyembamba vilivyokwenda chini kuliko jembe lilivyofika.

"Hili silo shamba nililoliacha," alisema.

"Limeoza, shoga."

"Kilichooza hunuka. Nusa."

Tatu alinusa, akainama kunusa tena.

Kilichotokea kinaelezeka. Nyungunyungu huvuta jani shimoni, hulila pamoja na udongo, na kinyesi chake, ndivyo vile vichungu, hutoka kikiwa chembe zilizogandamana ambazo mvua haizivunji kwa urahisi. Jani huwa sehemu ya udongo, na vijia vya mnyama huwa njia za maji na hewa. Panapochomwa majani kila mwaka, haunguzwi na moto tu, hukosa na chakula. Mwamini hakuyajua yote haya. Alijua jembe limezama, akaacha kufagia.

Jumbe alifika akihema, mwavuli mkononi. Kitwana alimtangulia.

"Shikamoo, Jumbe," Mwamini alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

"Tazama mwenyewe, Mzee," Kitwana alidakia. "Majani mpaka kifundoni. Na hivi vichungu? Ardhi inatapika hii. Haimtaki mwenyewe. Hata ufagio shemeji kaushika leo, baada ya kusikia unakuja!"

"Nilikuwa namuuguza kaka yako," Mwamini alijibu. "Na nilipokaa eda, ulitaka nitoke nikafagie?"

"Sikusema hivyo, shemeji. Nasema shamba limekufa."

Jumbe hakuwahi kujibu. Mvua ilishuka kwa kishindo, wote wakakimbilia chini ya mkorosho uliokuwa mpakani, kwenye mstari wa minanasi uliotenga shamba la Mwamini na la Kitwana. La Kitwana lilikuwa limefagiwa likang'aa, limechomwa, na limekwisha kupandwa mahindi.

Walisimama hapo wakitazama, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Upande wa Kitwana maji yalituama kidogo, kisha yakaanza kwenda, yamebeba majivu na udongo mwekundu. Yakapenya kati ya minanasi, yakalowesha kandambili za Jumbe. Upande wa Mwamini yalizama palepale yalipoangukia.

Jumbe aliinama kwa tabu, akaokota kitu miguuni mwake. Ilikuwa punje ya mahindi.

"Kitwana, hii mbegu ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Inakwenda wapi?"

Kitwana alitazama maji yanayopita.

"Inahamia kwa shemeji yake," Tatu alisema. Jumbe akacheka mpaka mwavuli ukatikisika.

Hata hivyo hakuamua kwa kicheko. Mvua ilipopungua alichukua jembe, akapiga upande wa Kitwana. Chini ya tope la juu udongo ulikuwa mgumu na mkavu. Akapiga upande wa Mwamini. Udongo ulikuwa umelowa hadi chini, na haukushikamana na jembe.

"Shamba lililokufa halinywi maji," alisema. "Vichungu hivi sivijui, lakini sioni vilichoharibu. Shamba libaki kwa mwenyewe. Nawe Mwamini, panda. Usiniletee aibu."

"Nitapanda leo, Jumbe."

Jumbe na Kitwana wakaondoka. Mwamini akakaa juu ya lundo la majani aliyoyafagia, akacheka peke yake, akapangusa macho kwa upindo wa kaniki.

"Na korosho utaziokotaje humu?" Tatu alimchokoza.

"Nitainama."

Akayarudisha majani alikoyatoa. Jioni ile alipanda, akiyasogeza kwa mkono penye kila shimo na kuyarejesha.

Kabla ya Ijumaa ya pili mahindi ya Mwamini yalikuwa yamechomoza mistari yote. Kitwana alipanda upya. Siku iliyofuata alifika mpakani na pakacha tupu.

"Shemeji," alisema, "majani yako yatatosha?"

Mwamini alimpokea pakacha, akalijaza.